Mama Vyombo Anahama

Mwezi wa tisa mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, Bi Mwanaheri alihama Kasulu. Alikuwa ameishi mtaani kwetu Murubona miaka thelathini na saba, na sidhani kama kuna mtu mzima wa mtaa huu ambaye hakuwahi kugonga mlango wake. Tulikuwa tunagonga kwa ajili ya sufuria. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililomuumiza wiki yake ya mwisho: alitaka kujua kama yupo hata mmoja atakayegonga kwa ajili yake mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na lango lake, na watu huniita mama Ildefonsi. Niliyoyaona niliyaona nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, na yale yasiyoonekana kutoka barabarani alinisimulia mwenyewe baadaye kwa simu, tena kwa kirefu, maana siku hizi ana muda mwingi kuliko mtu anavyopaswa kuwa nao.

Alizaliwa Pangani. Marehemu mumewe, Tamimu, ndiye aliyemleta huku milimani, wakati barabara ya kuja Kasulu ilikuwa ya kumliza mtu mzima. Tamimu alikuwa na duka la vitenge na vyombo vya ndani. Bi Mwanaheri anasema mwaka wa kwanza alikuwa analala na soksi za mumewe kwa baridi, na wenyeji walipomwona macho mekundu asubuhi walidhani analilia kwao. Kiha hakukijua, na hata anaondoka Kiha chake kilitosha kusalimu, kupunguza bei ya maharage na kufukuza mbuzi. Lakini alikuwa na jicho. Alihudhuria msiba mmoja akaona tunapika kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, watu wanakula kwa zamu kwa kuwa sahani ni kumi na tano, akaona aibu kwa niaba yetu. Akamshika Tamimu masikio mpaka akatoa sufuria tatu kwa bei ya jumla, wanawake tukachanga, na hivyo ndivyo chama chetu cha kufa na kuzikana kilivyozaliwa. Stoo ya duka ikawa stoo ya mtaa. Mwenye ufunguo akawa yeye.

Miaka ilivyokwenda zikawa sufuria saba, sahani mia mbili, vikombe, masinia, miiko mirefu kama makasia, mikeka na turubai mbili. Kila kimoja kilikuwa na herufi za chama, zimegongwa chini kwa msumari. Na yeye tukamwita Mama Vyombo, mbele yake na nyuma yake.

Tulimwogopa, nisidanganye. Ukirudisha vyombo alikaa kwenye kigoda pale barazani akavihesabu kijiko kwa kijiko. Mwiko uliotoka mweupe ukirudi mweusi, ulirudi nao nyumbani ukausugue. Kuna mwaka watu fulani walipikia kitimoto, nyama ya nguruwe, kwenye sufuria ndogo ya chama kwenye ubatizo wa mtoto wao, wakaiosha wakadhani hatajua. Alijua. Aliisugua mara saba, mara moja kwa udongo, na wale watu hakusema nao mpaka mtoto wa ubatizo akaingia darasa la pili. Lakini ukifiwa saa yoyote, alikuwa wa kwanza kuwasha taa, na kabla hujamaliza kueleza alikuwa ameshashika mkono wa sufuria upande wake.

Tamimu alifariki miaka sita iliyopita. Duka likapangishwa kwa kijana anayeuza simu, na binti yao wa pekee, Asmahani, yuko Kibaha na mume na kazi. Mama akabaki na nyumba ya vyumba vinne, paka, goti bovu, na stoo yetu. Mwezi wa Ramadhani aliteleza bafuni akalala pale chini tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, ndipo alipokuja mtu kuazima masinia akamsikia. Asmahani alipopata habari hizo alisema basi, inatosha. Akamtafutia mama yake kampuni ya kuhamisha watu. Lori lingepeleka mizigo ya ofisi Kibondo, kisha lingepita Kasulu Jumamosi kumchukua yeye na vitu vyake.

Kampuni ilituma maelekezo kwenye simu. Bi Mwanaheri alivuka barabara akaniletea nimsomee, kwa kuwa miwani yake inaona mbali tu. Yalikuwa maelekezo kumi na sita, na tulicheka sana siku ile. Tenganisha vitu vinavyokwenda, vinavyobaki na vya kutoa sadaka. Friji lizimwe siku moja kabla na liachwe wazi likauke. Mtungi wa gesi haupakiwi. Mafuta ya kula, mafuta ya taa na kitu chochote cha maji hakipakiwi, na hapo akaguna, kwa kuwa alikuwa amenunua dumu la mawese ya Kigoma ya kumpelekea Asmahani. Vyeti, dawa na dhahabu mwenye navyo abebe mwenyewe. Funguo za makabati zibandikwe kwa karatasi ya gundi ndani ya mlango wa kabati. Usifunge vyombo vya udongo wala vya kioo, watafunga wafanyakazi wetu. Paka hasafiri kwenye lori. Namba tisa ilisema vitu visivyo mali ya mteja viondolewe nyumbani kabla ya siku ya kupakia. Nilipoisoma hiyo aliacha kucheka, akachukua simu yake, akavuka akarudi kwake.

Niseme na upande wetu. Huku kwetu mtu akihama, mtaa unahama naye mpaka barabarani. Watu wanakuja asubuhi bila kuitwa, wanaume wanafungua kitanda, wanawake wanafunga vyombo kwenye mashuka, kuku wanafungwa miguu, kamba ya katani inakatika mara mbili, lazima kioo kimoja kivunjike, na mchana mnakula pamoja juu ya mikeka kwa kuwa nyumba haina kiti tena. Tuliposikia kampuni, tena yenye wafanyakazi wa sare ambao hawataki mwenye nyumba aguse kitu, tulijiona hatuna kazi. Hakuna aliyetuambia tusije. Tulijitangazia wenyewe.

Jumanne akakabidhi vyombo. Prudence, katibu wetu, binti mwerevu wa Rungwe Mpya aliyeolewa hapa juzijuzi tu, alikuja na guta la pikipiki na daftari. Tulikuwa wanawake wanane. Bi Mwanaheri alikaa kwenye kigoda chake, Prudence anasoma, sisi tunabeba. Alikuwa amevaa baibui lake la Idi. Kila sufuria ilipopita aliigusa, akasema hii masikio yake yamelegea kidogo, msiinue na mchuzi wa moto, hii inashika upande wa kushoto. Prudence aliposoma "sufuria ya kilo thelathini na mfuniko wake," Bi Mwanaheri akasema upo, na Prudence akaweka alama.

Mfuniko haukuwapo. Mimi ndiye niliyeibeba ile sufuria na mwenzangu, na niliona wazi kuwa haina kitu juu. Sikusema.

Tulipofika kwa Prudence na kupanga kila kitu kwenye chumba cha uani, wengine nao wakaona. Prudence alitaka arudi mara moja akauulizie. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema, "Mwacheni. Anataka kitu cha kumkumbusha. Utamdai mtu mfuniko, amekaa na vyombo vyetu miaka yote hiyo?" Wote wakaona nimesema la maana. Mmoja akajifuta machozi. Tukakubaliana kwamba hakuna atakayelitaja mbele yake, tusije tukamwaibisha, tukaagana tukijiona watu wema sana.

Sasa sikieni upande wake. Mfuniko ulikuwa chini ya kitanda chake, umefungwa kwa kanga. Aliuficha Jumatatu jioni, na hakuuficha kwa ajili ya kumbukumbu. Alijua kwamba vyombo vikishatoka, hakuna atakayekuwa na sababu ya kuvuka lango lake tena, na zilikuwa zimebaki siku nne. Akajiambia abakize kitu kimoja ambacho hawawezi kupika bila hicho. Watakuja kukifuata, atawakaribisha, wataona nyumba ilivyo, watakaa.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu wa pwani. Yeye wali haujui bila mfuniko. Miaka yote aliposimamia jungu lile alilifunika, akapalia makaa juu, na ole wako uufunue kabla ya wakati. Kwake sufuria ya kilo thelathini isiyo na mfuniko ni chombo kibovu. Sisi huku tunafunika kwa majani ya mgomba. Tunayapitisha motoni yanalainika, tunayapanga matatu manne, tunakandamiza na sinia, na chakula kinaiva na harufu yake. Mfuniko tulikuwa tunautumia akiwapo yeye, kwa heshima na kwa hofu. Akigeuka kwenda kuswali tulirudia majani. Katika vitu vyote vya stoo ile, alichagua kuficha kitu pekee ambacho hakuna ambaye angekikosa.

Jumatano alianza kazi. Aliteremsha mapazia, akayafua, akayaanika, na nyumba ikawa uchi. Kutoka kwenye cherehani yangu nilikuwa naona mpaka ukuta wa ndani na alama nyeupe palipokuwa na saa. Alifungua makabati, akatoa nguo za Tamimu ambazo hakuwahi kuzitoa, akazikunja, akaziweka kwenye fungu la sadaka, akazirudisha kwenye fungu la kwenda, akazitoa tena. Alipima kabati la mninga kwa uzi na mlango kwa uzi uleule, akakuta kabati limezidi kwa upana wa vidole vinne. Liliingia kabla ya nondo za mlango kuwekwa. Akampigia simu mtu wa kampuni, na yule akamwambia asijali, mama, tuna fundi. Kila alilouliza lilikuwa na fundi. Anasema alitamani atokee mtu aseme hilo haliwezekani, twende tukalifikirie pamoja.

Lango lake, ambalo miaka yote lilifungwa kwa komeo, aliliacha wazi nusu. Nililiona. Nilidhani amechoka kuinuka na goti lile.

Alhamisi alizima friji. Maji yaliyokuwa yanadondoka kwenye beseni aliyasikia nyumba nzima, anasema, tone moja moja, mpaka akalikasirikia friji. Alifagia uwanja asubuhi na akaufagia tena mchana ambapo hata jani moja halikuwa limeanguka. Chakula alipika kwenye kisufuria cha mtu mmoja, uji wa ulezi, kwa kuwa unga, mchele na dagaa vyote alishavigawa. Pikipiki ikipunguza mwendo alinyanyuka. Alikuwa ameshapanga hata atakavyosema. Angejifanya amesahau, angejipiga kwenye paji la uso, angesema loo, uzee huu, hebu ingieni tuutafute. Utafutaji ungechukua muda. Kungekuwa na chai katikati.

Hakuja mtu. Siku ile alijisikia mpweke kuliko hata wiki aliyofiwa, kwa kuwa alipofiwa nyumba ilijaa siku saba, na vyombo vilitoka kwenye stoo yake mwenyewe vikampikia yeye. Paka alikwenda kwa kijana wa simu na hakurudi hata kula.

Ijumaa asubuhi alifariki hospitalini mzee Nkunzimana, mwashi wa upande wa chini wa mtaa, karibu na visima. Vilio vilisikika mpaka kwangu. Msiba ukitokea kwetu, jambo la kwanza lilikuwa mtu kukimbia kwa Mama Vyombo. Bi Mwanaheri alisikia kilio, akasema inna lillahi, akamhurumia mjane kwa dhati, na pamoja na huruma ile, anasema mwenyewe na aliona haya kulisema, moyo wake uliruka. Kwamba sasa watapika. Sasa watakuja.

Akautoa mfuniko chini ya kitanda, akausugua kwa majivu na ndimu mpaka ukang'aa, akauweka mezani sebuleni. Akachemsha chai ya tangawizi, akaijaza kwenye chupa ambayo alikuwa hajaifunga bado, akatoa vikombe vinne kwenye fungu la kusafiri. Kisha akavaa baibui, akakaa. Maana hata kama hawakuja kwa ajili ya mfuniko, wangempitia. Wanawake hapa hawaendi msibani mmoja mmoja. Unavaa kanga zako, unampitia jirani, mnampitia wa tatu, mpaka mnafika mkiwa kundi na kilio kinapata nguvu. Mtu anayekwenda peke yake ni mgeni au ana ugomvi.

Nilipita mbele ya lango lake kama saa tano nikiwa na wenzangu watano, tumebeba kuni. Lilikuwa wazi nusu. Mmoja wetu aliuliza, hatumpitii Mama Vyombo? Nikasema tumwache, ana pilikapilika za mizigo, tusimtie kazini na safari imemfika. Naandika hivi nikijua ni mara ya pili katika wiki moja kwamba nilimfikiria mema na kumwacha peke yake. Yeye, kupitia dirisha lisilo na pazia, alituona tukipita.

Chai ilikaa kwenye chupa mpaka ikapoa. Chupa yenyewe ilikuwa nzima. Ilipoa kwa sababu ya siku kuwa ndefu.

Jumamosi, saa moja asubuhi, lori likaingia kinyumenyume. Vijana wanne wa fulana za kijani na glavu, na kiongozi wao anaitwa Khamisi, mtu wa heshima, aliyemwamkia Bi Mwanaheri shikamoo kabla hajagusa kitu. Walikuwa wanajua kazi, lazima niseme ukweli. Walitandika mablanketi sakafuni, wakafunga vikombe vya kaure kimoja kimoja kwenye karatasi, wakayafungua makabati kwa bisibisi ya umeme, wakaandika maboksi kwa kalamu nene: jikoni, chumbani, sebuleni. Kabati la mninga lilitoka. Waling'oa nondo nne, wakalitoa, wakazirudisha nondo. Hakuna kioo kilichovunjika. Kila aliponyanyuka kusaidia, Khamisi alimrudisha kwenye kiti cha plastiki kivulini: "Mama, wewe pumzika, kazi hii umetulipa tuifanye sisi."

Kwa hiyo akapumzika. Miaka thelathini na saba ilipita mbele yake ikiwa ndani ya maboksi, mikononi mwa watu wema asiowajua, na hakuna aliyegombana juu ya kamba. Kabla ya saa sita nyumba ilikuwa tupu. Ikabaki meza ya sebuleni, na juu ya meza mfuniko.

Khamisi aliuinua kwa mikono miwili, akatazama huku na huku. "Sufuria lake liko wapi, mama? Sikumbuki kulifunga."

Bi Mwanaheri akamwambia sufuria halipo kwake. Yule kijana akaugeuza, akaona herufi zimegongwa kwa msumari, akauliza kwa upole kama ni wa msikiti. Akasema ni wa watu. Basi Khamisi akasema samahani sana, lakini vitu vya watu hawaruhusiwi kupakia, ilikuwa kwenye maelekezo, namba tisa. Kama wenyewe wako karibu, lori litasubiri nusu saa, wao wapakie meza.

Alitoka na mfuniko ule akiwa ameukumbatia kifuani. Una upana wa meza ndogo ya chai. Kutoka kwake mpaka kwa marehemu ni mteremko, na goti lake mteremko ndio linaouchukia kabisa. Alishuka peke yake katika vumbi jekundu, na kila aliyekutana naye alimsalimu akampisha.

Sisi tulikuwa uani, moto mafiga matatu, moshi umetutoa machozi ambayo si ya msiba. Watu wa Busunzu, ukoo wa marehemu, walikuwa wameanza kufika, na mwili ulikuwa njiani kutoka hospitali. Sufuria ya kilo thelathini ilikuwa motoni imejaa wali, na juu yake majani ya mgomba, na juu ya majani sinia. Nilikuwa nakoroga maharage. Nilimwona akiingia, nikafurahi, kwa kweli nilifurahi, nikasema Mama Vyombo amekuja kutuaga.

Alisimama mbele ya jungu. Aliyatazama yale majani muda mrefu kuliko mtu anavyotazama majani.

"Nimewaletea mfuniko wenu," alisema.

Prudence akafuta mikono kwenye kanga akamwendea, akampokea akipiga magoti kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa. "Bibi, ule tulikuachia. Tuliona tangu Jumanne. Tukasema uwe wako, utukumbuke."

"Mliona tangu Jumanne?"

"Ndiyo, bibi. Wote."

"Na hamkuja."

Prudence hakuelewa, akadhani anatulaumu kwa jambo la hesabu. Akaanza kueleza kwamba haikuwa na shida, kwamba majani yanatosha, kwamba siku zote yeye akiwa hayupo huwa tunafunika majani. Aliyasema yote hayo kwa nia njema, na kila neno nililiona linavyoingia. Bi Mwanaheri akaacha kumsikiliza akanigeukia mimi.

"Nilikuwa nakungojea wewe, mama Ildefonsi. Nilijua wewe utauona. Nikasema huyu atakuja kuudai, hata kwa ugomvi. Nimekaa siku nne."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilitaka kusema tuliogopa kukuaibisha, lakini nilipokuwa nalipanga lile neno niliona lilivyo dogo. Tunasema kila siku kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, na kati ya wanawake wanane hakuna aliyeuliza. Maharage yalikuwa yanashika chini. Nikakoroga.

Hakulia, wala hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliuweka mfuniko chini, ukiegemea figa, akaingia ndani kumpa pole mjane. Walikaa wameshikana mikono kitambo. Alipotoka, honi ya lori ilikuwa imeshalia mara moja kule juu. Nikasema nakusindikiza, nikafungua kanga ya kiunoni. Wakati huohuo gari la maiti likaingia uani, kilio kikapanda, wanawake wote wakasimama, na wapishi hawaruhusiwi kuacha moto mwili unapoingia. Akanishika bega akaniambia nirudi kwenye chungu changu. Akapanda ule mlima peke yake, akikwepa watu waliokuwa wanashuka. Baadaye, juu ya sauti za kilio, nilisikia lori likibadilisha gia kwenye kona ya barabara ya lami.

Siku hizi huniuliza kwa simu nani kafiwa, nani kaoa, na sufuria zikoje. Namjibu vizuri. Nilimwomba radhi mwezi wa kumi, akasema yamekwisha, kisha akaniambia kwamba Kibaha majirani zake wana mageti marefu na kila mmoja ana sufuria zake.

Lakini sijasema jambo la Jumamosi ile, na kwa simu sijawahi kumwambia. Tulizika saa tisa. Tulilisha watu, tukaosha vyombo, na jua likiwa bado lipo tukajitwisha, wanawake wanane, sufuria vichwani, mimi na ile ya kilo thelathini imefunikwa na mfuniko wake, tukaondoka huku tunazungumza habari za ukoo wa Busunzu na namna walivyokula. Hakuna aliyeongoza wala aliyefuata. Prudence mwenyewe, ambaye stoo ni yake sasa, alikuwa katikati yetu. Tulipanda mlima, tukakata kona, na wa mbele akanyoosha mkono kugonga.

Lango la Mama Vyombo lilikuwa na kufuli mpya ya dalali aliyekabidhiwa nyumba. Tulisimama pale na vyombo vichwani, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha tukageuka, tukashuka kwenda kwa Prudence.